Mkutano wa Kuondoa Somo la Muziki

Mimi sikulelewa kupenda obokano. Kwetu ilikuwa ala ya wazee wa pombe: mti mzito wenye tumbo la ngozi, nyuzi nane, na sauti nene kama ya ng'ombe dume anayelia akiwa shimoni. Mzee aliketi kwenye kigoda akaikumbatia, akamsifu mtu mpaka mtu huyo akatoa jogoo wake wa mwisho. Nilipobatizwa katika kanisa la Wasabato tuliambiwa tuache sauti hiyo pamoja na ugoro na pombe, nami nikaacha vyote. Kwa hiyo mjukuu wangu alipofika siku ya kufunga shule akiwa na obokano mgongoni, imefungwa ndani ya gunia la mbolea, nilimsimamisha mlangoni pa boma.

"Hiyo ni nini?"

"Ni somo, Magokoro." Magokoro ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita nyanya.

"Somo lina tumbo?"

"Ni muziki. Chumba chetu kinavuja. Mwalimu amesema kila mtu abebe kitu kimoja likizoni kisiloe. Wengine wamebeba ngoma."

"Na wewe katika vitu vyote ukachukua cha walevi."

"Sikuchukua tu. Hicho ndicho nitakachopiga kwenye mtihani."

Nilimwambia aiweke jikoni, juu ya kuni, isiingie kwenye nyumba yenye Biblia. Akasema moshi utaharibu ngozi yake. Nikamwambia, "Mimi moshi umenila miaka yote na Sabato bado naimba."

Alicheka akaipeleka jikoni. Usiku nilimsikia akirudi kuifunika kwa leso yangu.

Nyumba yetu iko juu ya kilima, ukipita soko la Birongo, na shule yenyewe ilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Nyamira. Haikuwa shule kubwa. Wazazi waliijenga kwa harambee, darasa baada ya darasa, na mabati ya darasa moja hayakufanana na ya lingine. Mama ya msichana huyu, mjukuu wangu, alikufa yeye akiwa bado ananyonya. Baba yake, ambaye ni mwanangu, alienda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai ya wazungu kule Kericho, akaanza nyumba nyingine huko, akawa mtu wa kutuma salamu. Mtoto akawa wangu. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, kisha nikajifunza kusoma vizuri nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la ngumbaru. Mambo ya sekondari niliyajua kwa mdomo wake.

Kuna jambo moja lazima nilieleze sasa, kwa sababu wasomaji wengine si Wakisii, na bila hilo mtaona sisi ni wajinga.

Kwetu mtu na mjukuu wake ni marafiki. Wanaweza kutaniana kuhusu chochote. Mjukuu huyu aliniita mke mwenza, kwa sababu mzee wangu, Mungu amlaze, alikuwa akimwita bibi yake mdogo. Aliweza kuniuliza mambo ambayo mtoto hamuulizi mama. Lakini mtu na mkwe wake, hapo kuna ensoni. Ensoni ni aibu, lakini aibu ya heshima, si ya kosa. Mume wa binti yangu hanipi mkono. Hatuketi kwenye benchi moja, hatuli pamoja, hanitazami usoni wala mimi simtazami. Nikiwa na neno kwake nalipitisha kwa binti yangu au kwa mtoto. Na zaidi ya yote, hatuwezi kuwa mahali pamoja maneno ya mwili yakitajwa, mambo ya mwanamume na mwanamke. Yakitajwa, mmoja anatoka. Si kukasirika, ni kutoka tu, kama unavyotoka kwenye nyumba inayowaka. Hakuna anayekufundisha kwa maneno. Unaona mama yako akifanya, nawe unafanya.

Mume wa binti yangu anatoka upande ule wa Nyamira, na miaka hiyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi wa shule ile.

Sasa niendelee.

Siku ya wazazi, mjukuu akiwa amemaliza kidato cha pili, mwalimu wa muziki aliniita kando. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Magharibi, koti lake limeisha viwiko. Hakuajiriwa na serikali. Wazazi ndio waliomlipa, siku walipoweza. Akaniambia, "Mama, nisikudanganye. Huyu msichana hesabu inampiga. Sayansi inampiga. Masomo mengine ni wa katikati, na anateremka."

"Hayo najua. Umeniita uniambie ninayoyajua?"

"Lakini kwa muziki hakuna wa kumfikia hapa. Alama ya muziki ndiyo itakayombeba aingie chuo cha ualimu. Bila hiyo sioni njia."

"Kwa kuimba?"

"Kuimba, na kusoma nota, na kupiga ala ya kwao mbele ya mtu wa mtihani."

"Na serikali itampa alama kwa hiyo?"

"Itampa, mama. Ni somo kama mengine."

Nilirudi nyumbani nikifikiri. Katika ukoo wetu hapakuwa na mwalimu hata mmoja. Tulikuwa na wachuma chai, askari wa duka mmoja mjini, na walevi. Siku iliyofuata niliitoa obokano jikoni mwenyewe, nikaisugua masizi, nikaiweka nyumba kubwa, chini ya meza ya Biblia. Sikufanya hivyo kwa sababu ya utamu wa sauti. Niliona mlango, nikataka mtoto apite.

Mzee wa kanisa alikuja kuniuliza. Nikamwambia kama kanisa litamlipia chuo, mimi nitaichoma obokano hata leo. Hakurudi.

Nyuzi zikakatika. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, lakini mwalimu alisema nailoni ya kuvulia samaki inafaa. Nikashuka Kisii mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza misumari, nyavu, kufuli na kila kitu. Alinijua, maana majembe yangu yote yametoka kwake.

"Mama, hii ni ya samaki kubwa. Mto yenu ya Birongo iko na samaki kubwa namna hii?"

"Si ya samaki. Ni ya shule."

"Shule ya kuvua?"

"Shule ya kuimba."

Akamgeukia mkewe aliyekuwa kwenye kiti cha hesabu, wakasemezana kwa lugha yao, mkewe akacheka akanikatia urefu zaidi ya nilioomba. Nilipanda kilima nikijisikia kama mzazi wa mtu.

Jioni mjukuu alipiga. Aliketi kwenye kigoda cha babu yake, ala imelala mbele yake, mguu mmoja huku na mwingine kule, kama inavyopigwa. Hakuna namna nyingine ya kuipiga. Majirani walipita wakisimama kwenye ua wa ndizi. Mwanamke mmoja, rafiki yangu tunayechuma naye chai, mwenye ulimi mkali, alisema, "Mama, huyu ataliza hata yule wa mtihani." Binti yake mwenyewe alikuwa darasa moja na mjukuu wangu, naye alisoma muziki, ingawa sauti yake ilikuwa ya kufukuzia ndege.

Halafu mambo yakaanza kubana. Serikali ilisema mzigo wa shule sasa tugawane nayo, wazazi wabebe upande mmoja. Tulichoona sisi ni kwamba upande wa serikali ulikuwa unapungua kila muhula, wetu unaongezeka. Walimu wapya hawakuletwa. Chaki ililetwa na watoto. Kwanza waliondoa kuchora, na rangi zilizobaki wakazipaka lango. Sayansi kimu nayo ikafuata, maana jiko halikuwa na gesi, na wasichana walikuwa wanapika keki daftarini tu. Mjukuu alikuwa akinisimulia haya kama mtu anayehesabu kuku mwewe akiwa angani.

Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, binti yangu alivuka mto akaja kuniambia. "Mama, kuna mkutano. Walimu wawili wanaolipwa na wazazi hawawezi kubaki wote. Ni wa muziki au wa kilimo. Mmoja anaenda."

"Na baba watoto anasemaje?"

"Anasema yeye mwenyekiti hawezi kuvuta upande. Lakini mikono itahesabiwa."

"Mwambie nimesikia. Mwambie somo hilo likiondoka, mtoto wa shemeji yake hana kitu kingine."

Alienda akarudi Jumapili. "Anasema anajua, Mama. Anasema uje na watu wako, wawe wengi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa, na ilikuwa ya heshima. Nikaenda kwenye kituo cha majani chai, asubuhi baada ya asubuhi, tukingoja lori, nikazungumza na kila mama mwenye mtoto shule ile. Wengine walikataa. Wengi walikubali, na si kwa ajili ya muziki. Walikubali kwa sababu nilikuwa nimewasaidia kwenye vilio na arusi, na kwetu hilo halisahauliki.

Siku ya mkutano tulivuka mto tukiwa kundi, leso mabegani, viatu mkononi mpaka ng'ambo. Mkutano ulikuwa katika darasa la kidato cha nne. Mimi niliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, nyuma ya mama mmoja mnene, ili mkwe wangu asilazimike kuniona. Yeye aliketi mbele, macho yake upande wa dirisha. Tulikuwa tumepangana hivyo bila kupangana. Wanafunzi walikuwa wamefukuzwa, lakini niliona vichwa chini ya madirisha. Kimoja nilikijua.

Mkuu wa shule hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili. Alizungumza muda mrefu juu ya uchumi. Mwalimu wa kilimo alizungumza vizuri. Yule wa muziki alizungumza vibaya. Alishika kofia yake, akasema muziki unanoa akili, na watu wakatazama dari.

Ndipo rafiki yangu wa ulimi mkali akasimama.

"Mimi nauliza. Mnataka nilipe mtu aje amfundishe binti yangu jembe?"

Watu wakacheka.

"Hapana, nauliza kwa heshima! Mtoto wa Kisii afundishwe kupanda ndizi darasani, akae kwenye kiti, achore jembe? Jembe liko nyumbani, limekaa bure, linamngoja! Kilimo kama anakitaka, aje Jumapili kwangu, nitamfundisha bila karo. Lakini nota mimi sijui. Wewe mzee unajua nota?"

"Sijui," mzee aliyeulizwa akajibu.

"Basi lipeni mnachokosa. Hiki kingine mnacho."

Darasa lilitikisika. Hata wanaume walipiga meza. Mkuu wa shule alikuwa anacheka, akafuta miwani. Nilihesabu nyuso na nikajua tumeshinda. Nasema ukweli, nilijua. Chini ya dirisha nilisikia wasichana wakipigana viganja.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kamati aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alipenda kusikika. Alisimama taratibu, akaacha Kiswahili, akasema kwa Ekegusii chetu.

"Huyu mama amenena. Lakini nyinyi mmewahi kuona obokano inapigwa wapi? Inapigwa hapa." Akajipiga mapajani. "Sasa binti zetu wafungue miguu namna hii, mbele ya mwanamume wa serikali aliyetoka Nairobi, na yeye aandike alama?"

Wanaume wakaangua kicheko. Hapo nilikuwa tayari nimeshika leso yangu. Kisha akaongeza sentensi nyingine, kuhusu alama hiyo ingetolewa kwa nini hasa. Hiyo siandiki. Mkwe wangu yuko hai, na anasoma.

Nikasimama, nikatoka.

Sijawahi kujua kama mzee yule alikusudia. Alijua mimi ni mama mkwe wa mwenyekiti. Kila mtu alijua. Pengine alitaka kichekesho tu. Nimelifikiria nikichuma chai na nikipalilia.

Ninachojua ni kwamba nilipotoka, wanawake wangu walitoka pia. Wote. Kwetu mama mzima akitolewa na ensoni haachwi asimame nje peke yake, maana mpita njia atadhani amefukuzwa kama mwizi. Wanawake wanamzunguka. Ni heshima kubwa. Walinizunguka pale kwenye tangi la maji, wakanyoosha leso zangu kama za bibi arusi.

"Rudini ndani," nikawaambia.

"Tukuache hapa?"

"Rudini! Watapiga kura."

"Mama, hatukuachi. Hawawezi kupiga kura na sisi tuko nje. Mwenyekiti ni mtu wako."

"Hawezi kutusubiri. Atasema anamsubiri nani? Rudini, nawaambia!"

"Mzee yule apoe kwanza. Yale maneno bado yako ndani ya nyumba."

Na hilo lilikuwa kweli. Maneno kama yale hayatoki chumbani haraka. Wengine wao walikuwa na shemeji na wakwe mle ndani. Tulibishana. Mwishowe rafiki yangu aliinua sketi yake akakimbia kurudi, na alipofika mlangoni alikutana na watu wakitoka.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na mjukuu, aliyekuwa chini ya dirisha. Mkuu wa shule hakuelewa neno hata moja la Ekegusii. Aliona kicheko, akaona kina mama wanatoka. Akamuuliza mwenyekiti, "Hao kina mama wanaenda wapi?"

Mkwe wangu angejibu nini? Kusema kwa nini tumetoka ni kuyarudia yale maneno, tena ayarudie yeye, mbele ya watu, kuhusu mama mkwe wake. Aliinamisha kichwa. Msichana alisema shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Akajibu, "Wana shughuli."

"Basi tusiwacheleweshe wengine," mkuu akasema. "Tupige kura tumalize."

Mkwe wangu akasema, "Tumalize." Alitaka kikao kile kife upesi ili atoke kwenye nyumba hiyo. Alifanya nilichofanya mimi, ila yeye hakuwa na mlango.

Mikono ikainuliwa. Kilimo kikabaki.

Tuliporudi, msichana hakutembea na sisi. Alitungoja mtoni, amekaa kwenye jiwe, miguu majini. Wale wanawake wakatangulia.

"Magokoro, kwa nini ulitoka?"

"Unajua kwa nini."

"Ungeziba masikio."

"Masikio yanazibika. Yeye angejua niko pale."

"Angejua, halafu?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza halafu. Nikamwambia, "Halafu tungekuwa watu wasio na kitu. Ungetaka nyanya yako asimuliwe sokoni Nyamira kwamba alikaa na mkwe wake wakisikiliza uchafu?"

"Wangesimulia wiki moja."

"Nyamaza."

"Wiki moja, mke mwenza. Mimi nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja na nusu."

Aliniita jina la utani, lakini uso haukuwa na utani. Tukapanda kilima, yeye mbele.

Sitajilaumu hapa, ili mtu asome aniambie pole mama. Hata leo, zee hilo lisimame tena na koti lake, liseme vile, mkwe wangu yuko ndani, nitatoka. Siwezi kukaa. Si kwamba sitaki kuweza. Mwili wenyewe unasimama kabla sijauamuru.

Mwalimu wa muziki aliondoka wiki iyo hiyo na sanduku lake la mbao, akashikwa mkono na wachache. Msichana akapelekwa kwenye darasa la kilimo, ambalo wenzake walikuwa wamelisoma tangu kidato cha kwanza. Alifundishwa aina za udongo na magonjwa ya nyanya. Nilimuuliza jioni moja kama ni gumu. Akasema, "Si gumu. Limeshapita tu." Obokano ilirudishwa shuleni, na chumba chake kikawa stoo ya mbolea ya shamba la mfano. Kanisani alitoka kwenye kwaya akahamia benchi la nyuma. Kiongozi wa kwaya alikuja kuniuliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia hapana. Akauliza basi mbona haimbi. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Alimuuliza, akajibiwa kwamba hilo si somo.

Matokeo ya mtihani nitayasema hapa hapa, msiyangoje. Kilimo alipata alama ya chini, hesabu ya chini kabisa, na chuo cha ualimu hakikumtaka. Leo yeye huchuma majani chai kwenye mstari uliokuwa wangu. Ana mikono miepesi. Lori likija huwa wa kwanza kupimiwa.

Lakini kabla ya mtihani, mwanzoni mwa kidato cha nne, mkwe wangu alikuja nyumbani. Ilikuwa karibu na jioni. Binti yangu alikuwa ametangulia kuniambia kwamba mumewe hali vizuri tangu siku ile, nami nikamjibu, "Hata mimi sili. Mwambie ale." Sasa akaja mwenyewe, peke yake, miguu ina matope ya mtoni. Alisimama nyuma ya jiko, upande wa migomba, asikoweza kuniona. Mimi nilikuwa ndani napepeta wimbi. Ukuta wa jiko letu ni udongo na fito; unasikia hata mtu akimeza mate.

Akamwita msichana, aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe. Kwa desturi ndiye aliyefaa. Hana ensoni na mimi, na kwake yeye ni mtoto tu.

"Mwambie mama nimemsalimu."

Msichana akaja mlangoni. "Anakusalimu."

"Mwambie nimepokea. Watoto hawajambo?"

Akazunguka. "Anauliza watoto."

"Hawajambo. Mwambie mama nilirudi kwenye kamati. Niliomba jambo lile lifunguliwe tena."

Msichana akasimama mlangoni. Jua lilikuwa nyuma yake, sikuona uso. "Anasema alirudi kwenye kamati."

"Muulize walisemaje," nikasema, ingawa mwenyewe nilikuwa nasikia kila neno.

"Anauliza walisemaje."

Kisha nikamsikia akikohoa. "Mwambie mama... mwambie majina ya mtihani yalikuwa yameshapelekwa. Na masomo yake. Haiwezekani kubadilisha."

Nilingoja msichana azunguke. Alichukua muda. Alipofika aliegemea mwimo wa mlango, kisu cha majani mkononi.

"Anasema majina yangu yameshaenda."

Ungo wangu ulikuwa mapajani. Nikasema, "Mwambie nimesikia. Mwambie namshukuru kwa kurudi."

Akaenda. "Amesikia. Anashukuru."

"Mwambie mama," mkwe wangu akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mwambie siku ile alifanya vizuri kutoka. Mwambie na mimi ningetoka, kama si kiti kile. Mwambie simlaumu, na yeye asinilaumu."

Sikusikia miguu. Nilingoja azunguke aniletee, na hakuzunguka.

"Mwambie mwenyewe," msichana akasema kule nyuma. "Yuko hapo. Anakusikia. Na wewe unamsikia."

"Mtoto..."

"Mimi nimechoka kubeba."

Nikasikia kisu kikitupwa kwenye majani, na miguu yake ikishuka upande wa mto.

Tukabaki. Neno lake nilikuwa nalo masikioni, jibu langu nilikuwa nalo mdomoni, na halikuwa jibu baya. Ningeweza kumwambia simlaumu. Udongo kati yetu haukuwa na upana wa kiganja. Nilimsikia akipumua, naye bila shaka alisikia wimbi likitulia ndani ya ungo. Alikaa pale kwa muda, pengine akitumaini mtoto yeyote wa jirani apite. Hakupita mtu. Kuku walianza kuingia jikoni mmoja mmoja, wakanizunguka wakidokoa. Baadaye nikasikia majani makavu ya mgomba yakivunjika chini ya viatu vyake, akienda, nami nikaendelea kupepeta.